Chozi Kafutika Tena

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeanza kazi ndani ya ukumbi wa mashine. Miaka yote hii nilikuwa ghorofa ya juu, dawati la simu, nikiwajibu watu waliosahau neno la siri. Sasa niko chini, kwenye kituo cha data chenyewe, nyuma ya milango miwili ambayo wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Ndani kuna baridi na kelele. Feni zinavuma kiasi kwamba mtu akikusemesha inabidi umtazame midomo.

Nilitoka jioni na sweta langu, nje joto na mvua ya kwanza inadondoka, watu kituoni wakanitazama kama niliyepotea njia. Mama aliponipokea mkoba alinishika vidole.

"Wamekuweka kwenye friji?"

Nikamweleza kuwa seva, yaani kompyuta zinazotunza mafaili ya watu, zinapata joto zikifanya kazi, kwa hiyo ukumbi mzima unapozwa saa zote.

"Basi ni friji," akasema.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepewa kazi yangu. Mkuu wetu, ambaye kila mtu anamwita Haraka (nasikia hata mkewe), amenionyesha makabati mapya yaliyojaa seva tupu. Tupu kabisa: hazina mfumo wa kuziendesha, hazina jina, hazijui hata saa. Chumba cha seva cha hospitali ya macho kinavuja. Wametandaza maturubai juu ya mashine na kupanga ndoo sakafuni. Kila kilichomo kinahamia kwetu kabla maji hayajakiwahi.

"Zamani tulisimika mfumo kwenye mashine moja moja," Haraka aliniambia akitembea, maana hasimami anapoongea. "Unakaa nayo kama mwalimu na mwanafunzi. Inakuuliza lugha, unajibu. Inakuuliza diski igawanywe vipi, unajibu. Jina, saa, neno la siri. Mashine moja inakula asubuhi nzima. Safari hii programu itazisimika zote yenyewe. Wewe uiandalie majibu."

"Majibu ya maswali gani?"

"Yote," akasema, na akawa ameshapotelea nyuma ya kabati.

Mama naye ni mgonjwa wa hospitali hiyo. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa fundi cherehani hilo ni balaa. Siku hizi anashona kwa kupapasa, na mimi humtungia nyuzi kwenye sindano kabla sijaondoka. Jana walimpima ukubwa wa lenzi watakayomwekea, upasuaji ni Mei. Nilipomwambia faili lake linahamia kwetu, alifurahi kana kwamba mimi ndiye nitakayempasua.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimejifunza kitu ambacho sijaacha kukifikiria.

Seva tupu ukiiwasha, jambo la kwanza inalofanya ni kuita. Inatuma wito kwenye mtandao: kuna mtu hapo? Haimwiti fulani, kwa sababu haimjui yeyote. Inaita tu, inasubiri, inaita tena. Programu yetu ikisikia, inajibu: chukua anwani hii, chukua mfumo huu, futa diski, anza maisha. Kisha inafuata majibu niliyoandika mimi, bila mtu kugusa kitu.

Aliyenionyesha ni mwenzangu wa ukumbini. Jina lake la kazini ni Spana, kwa sababu spana haitoki mfukoni mwake. Ni mwanamke wa rika langu, mkimya, anapiga mluzi anapofunga skrubu, na yuko zamu ya usiku karibu wiki zote. Tulikutana saa ya kupokezana. Alichomeka skrini kwenye mashine mpya na kuniambia nitazame.

"Hiyo ndiyo inaita," akasema. "Na huyo aliyejibu tunamwita Mkunga."

"Kwa nini Mkunga?"

"Ana kazi gani nyingine? Anapokea wachanga."

Nilicheka peke yangu ndani ya basi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa. Nimesoma mwongozo mpaka macho yamewasha.

Ijumaa, 22 Machi

Seva yangu ya kwanza imesimikwa bila kuguswa. Nikapiga makofi. Kisha nikajaribu kuingia, ikanikatalia neno la siri. Nikaandika tena. Ikakataa. Mimi, niliyewacheka watu wa simu miaka yote hii!

Kosa nimeligundua baada ya chakula cha mchana. Kwenye majibu nilichagua kibodi ya lugha nyingine, ambayo baadhi ya herufi zimekaa pengine. Nilikuwa nabonyeza sahihi na mashine inapokea ovyo. Neno moja kwenye faili la majibu, na mlango wote umefungwa.

Jumatatu, 25 Machi

Leo seva inadai ni kesho. Nimeirekebisha majira ya saa. Haraka kasema kama kesho ingekuwa tarehe ya mshahara angeiacha hivyo hivyo.

Jumatano, 27 Machi

Kabati la kwanza, lile la mwisho wa ukumbi, limekamilika! Niliziwasha zote kwa pamoja na kuzisikiliza zikiita, na Mkunga akizijibu moja moja, hana papara wala upendeleo. Majina nimechagua ya ndege: Korongo, Tai, Njiwa, Kunguru. Ya chini kabisa nimeiita Chozi.

"Chozi la kulia?" Spana akauliza.

"Chozi ndege. Yule mdogo wa kunyonya maua."

"Haya. Ila mimi nikimwita nitakuwa nasikitika."

Mpangilio mmoja kwa Mkunga nimeuacha ulivyokuja na programu. Unasema: kila anayeita, asimikwe. Sikuona haja ya kuubadilisha. Ndiyo kazi yake, au siyo?

Jumanne, 2 Aprili

Chozi kafutika.

Jana niliiacha imekamilika, nimeiwekea programu ya kupokea faili za hospitali, na watumiaji nimewaandikisha. Asubuhi nimeikuta kama imezaliwa jana. Ina mfumo, ina jina langu nililoipa, lakini kila nilichoongeza baadaye hakipo. Nimerudia kazi yote. Labda nilisahau kuhifadhi.

Alhamisi, 4 Aprili

Kavu, jua la kuumiza. Chozi yuko salama. Basi nilisahau kuhifadhi.

Ijumaa, 5 Aprili

Usiku ulikuwa wa radi, Mama hakulala. Asubuhi, Chozi kafutika tena.

Safari hii sikusahau kitu. Nilihifadhi, nikakagua, nikakagua tena. Korongo mzima, Tai mzima, Kunguru mzima. Chozi peke yake, mtoto mchanga tena, hajui hospitali wala mgonjwa.

Nimemuuliza Haraka. "Rudia," akasema. Nimemuuliza Spana alipokuwa akivaa koti atoke zamu. "Sijagusa kabati lako," akasema, kabla sijauliza kama kaligusa.

Jambo hilo limekaa vibaya moyoni mwangu. Mtu anajitetea kabla hajashitakiwa?

Jumanne, 9 Aprili

Tena. Na jana tena zamu ilikuwa yake.

Najiuliza ana nini na mimi. Kabla sijaja, kazi ya Mkunga ilikuwa aifanye yeye, nimeambiwa na mlinzi. Yuko hapa tangu jengo linapakwa rangi, halafu anatelemka mtu kutoka dawati la simu na kukabidhiwa. Mimi pia ningechukia. Lakini kufuta kazi ya mtu? Kwa nini moja tu? Au ndiyo ujanja wenyewe, achague moja ili nionekane mzembe?

Mama alinisikiliza huku akipapasa pindo la gauni la mteja.

"Umemwona akifuta?"

"Sijamwona."

"Basi una hadithi tu."

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefanya la kufanya, na sasa natamani nisingelifanya.

Asubuhi Chozi alikuwa kafutika kwa mara nyingine, na huko nje mitaro imefurika, na hospitali wamepiga simu kuwa dari la chumba chao limeanza kubonyea. Haraka ametangaza kuwa seva yao ya mafaili italetwa wiki ijayo, iwe isiwe. Na mashine iliyoandaliwa kupokea mafaili hayo ni ipi? Chozi. Nikachanganyikiwa.

Nilimkuta Spana kwenye chumba cha chai, kashika kikombe kwa mikono miwili.

"Naomba niambie ukweli," nikasema. "Unaifuta wewe?"

Aliipuliza chai yake.

"Mimi nikiifuta nitapata nini?"

"Wakufikirie wewe ndiye ungefaa kazi hii."

Aliweka kikombe chini taratibu sana. "Hiyo kazi nilipewa nikaikataa," akasema. "Nilimwambia Haraka akupe wewe. Kule juu ulikuwa unajibu swali moja mara mia kwa siku na husikiki ukifoka. Nikasema huyo ndiye anayeweza kuandika majibu." Akatoa spana mfukoni, sijui kwa nini, akaitazama, akairudisha. "Mpaka Jumatatu funguo ya kabati lako kaa nayo. Ile ya akiba pia, nitamwambia mlinzi akupe. Uende nazo nyumbani."

"Sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Chukua."

Akatoka. Chai yake ilikuwa bado inafuka.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili bila kupumzika. Funguo zote mbili zililala ndani ya mkoba wangu, mkoba ukalala chini ya mto. Asubuhi nilifungua kabati mwenyewe, mlinzi akishuhudia. Nikachomeka skrini.

Chozi kafutika.

Nilisimama pale na aibu yangu, baridi inanipuliza visigino.

Mtu angeweza kuifuta kutoka mbali, kupitia mtandao, hilo nalijua. Lakini nimepitia kumbukumbu za walioingia na hakuna aliyeingia. Si Spana, si mimi, si yeyote.

Nilimsubiri kwenye ngazi alipokuja zamu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia.

"Imefutika nikiwa na funguo," nikamwambia. "Nisamehe. Nilikuonea."

"Uliniumiza," akasema, wala hakupunguza. Kisha akaketi ngazi ya chini yangu. "Sasa lakini mbona inafutika?"

Na nilivyomsikia akiuliza hivyo, nikajua naye swali hili linamnyima raha kama mimi. Hakuwa akinisamehe kwa adabu. Alitaka kujua. Tuliketi pale tukitupiana mawazo mpaka mlinzi akatuuliza kama tumefungiwa nje.

Jumatano, 17 Aprili

Tumeibadilisha Chozi diski. Tumeibadilisha kebo ya mtandao. Spana kailaza chali kama gari bovu, hakuona kitu. Hakuna mvua tangu juzi, na Chozi anatulia kama malaika. Mashine hii inatusanifu.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika nikiwa kitandani. Nitaandika yote, kesho nisije nikaanza kuyapamba.

Asubuhi ilikuwa kavu, kwa hiyo Haraka akaamua ndiyo leo. Kule hospitali wakaizima seva ya mafaili, ile ya zamani, ambayo haijazimwa tangu nani ajuaye lini. Wakaifunga kwa mablanketi na kuileta kwa gari. Nakala ya akiba waliyonayo ni ya mwezi uliopita, maana chumba kilipoanza kuvuja mtambo wao wa kunakili ndio ulikuwa wa kwanza kufa. Kila aliyepimwa tangu hapo yumo kwenye mashine hiyo tu. Mama yumo. Sikumwambia mtu hilo. Kila mgonjwa ni mama wa mtu.

Mpango ulikuwa rahisi: iwekwe kwenye safu ya pili, ichomekwe umeme na mtandao, iwashwe, na mafaili yaanze kuhamia kwa Chozi. Haraka na Spana walikuwa huko wakiifunga kwenye kabati. Mimi nilikuwa mwisho wa ukumbi, nimechuchumaa mbele ya Chozi na skrini, nikihakikisha yuko tayari. Jirani yake seva mpya kadhaa zilikuwa katikati ya kusimikwa.

Ndani hatusikii mvua. Tunaijua kwa taa. Taa za dari zilipepesa mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, zikarudi. Nisingejali. Lakini nilikuwa nimeweka kiganja juu ya Chozi, nikihisi mtetemo wa feni, na mtetemo ukakatika. Kisha ukaanza upya.

Zile nyingine zote ziliendelea kuvuma bila kushituka. Chozi peke yake alikuwa amezimika na kuwaka.

Skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maneno ambayo nimeyatazama mwezi mzima: inaita. Na papo hapo Mkunga akamjibu, kama alivyofundishwa, kama nilivyomwachia: kila anayeita, asimikwe. Chukua anwani. Chukua mfumo. Futa diski.

Hakuna mkono wa mtu. Nimeiona ikifanyika kwa macho yangu. Mvua inanyesha, umeme unapepesa, Chozi anazimika, anaamka, na badala ya kwenda kwenye diski yake anaita kwanza, kwa sababu ndivyo seva hizi zilivyotoka kiwandani: ziite mtandao kwanza, diski baadaye. Na Mkunga hatofautishi mchanga na aliyekwisha kuzaliwa. Ukiita, umezaliwa leo.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na furaha, kusema kweli, furaha ya mtu aliyeteguliwa kitendawili. Nikainua kichwa nimwite Spana aje aone, na nikamwona Haraka, kule safu ya pili, kanyoosha kidole kuelekea kitufe cha mashine ya hospitali.

Mashine iliyozimwa. Inayokaribia kuamshwa. Iliyochomekwa kwenye mtandao wetu.

Nikapiga kelele. Feni zikaimeza sauti yangu. Spana alikuwa kanipa mgongo. Kukimbia mpaka kwao nisingewahi, hilo niliona. Mkunga alikuwa ndani ya mashine yake, kabati la pembeni yangu. Sikukumbuka utaratibu wa kumzima wala sikuutafuta. Nilishika kebo ya mtandao inayoingia mgongoni kwake nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ikatoka na kipande cha plastiki. Nikaanguka kitako.

Seva zilizokuwa zikisimikwa zikakwama zote na kuanza kuwasha taa nyekundu. Hizo Haraka aliziona. Aliacha kitufe akaja mbio, mara ya kwanza namwona akikimbia hasa.

"Umefanya nini?" Nilimsoma midomo.

"Umeiwasha?"

"Nini?"

"Ya hospitali! Umebonyeza?"

"Nilikuwa nataka kubonyeza! Umenivurugia kabati zima..."

"Ingeita," nikasema. "Ingeita na Mkunga angeijibu."

Hakuelewa. Spana, aliyekuwa amefika nyuma yake, alielewa. Alimtazama Chozi, diski imefutwa nusu na kukwama hapo hapo, akaitazama kebo mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika rangi. Alirudi safu ya pili, akachomoa kebo ya mtandao ya mashine ya hospitali, akaishika juu ili sote tuione iko nje.

"Sasa iwashwe," akasema. "Tuone."

Haraka akabonyeza. Tulisimama mbele ya skrini watu watatu tukiwa tumekaribiana kama wanaogawana mwavuli. Mashine ile kongwe ikakohoa, ikahesabu kumbukumbu zake, ikatulia. Kisha ikaandika.

Iliita. Mbele ya macho yetu, iliita. Kuna mtu hapo?

Ikasubiri. Hakuna aliyejibu. Ikaita tena. Sijawahi kuona mtu asiyepepesa macho kama Haraka alivyokuwa. Ikaita mara nyingine, ikakata tamaa, ikageukia diski yake mwenyewe na kuamka na kila kitu chake. Spana alifungua orodha ya mafaili, na majina ya wagonjwa yakateremka kwenye skrini, yakateremka, yakateremka.

Haraka aliketi sakafuni. Haraka! Aliketi akaegemea kabati na hakutembea.

Ijumaa, 19 Aprili

Sababu ya Chozi peke yake: kila seva ina nyaya mbili za umeme, mmoja uende upande wenye betri za akiba, mwingine upande wa umeme wa kawaida. Spana kalala chini na tochi na kuona kuwa za Chozi zote mbili ziko upande wa kawaida. Kabati la mwisho, mashine ya chini kabisa, soketi zilijaa, aliyefunga akachomeka palipobaki. Spana anadhani ni yeye mwenyewe. Mimi nadhani ni vibarua walioleta makabati. Tumekubaliana kutokubaliana.

Soketi peke yake isingefuta kitu, ingezima na kuwasha tu. Mpangilio wangu peke yake nao usingeonekana. Vilihitaji kukutana, na mvua ikavikutanisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekaa na Mkunga siku nzima kumfundisha upya. Mashine isiyo kwenye orodha yake, hata ipige mayowe, asiijibu. Iliyo kwenye orodha na ni mpya, aisimike mara moja tu. Ikishasimikwa, ikiita tena aiambie: nenda kwenye diski yako. Na kama tunataka kuifuta kweli, mtu aje mwenyewe aseme hivyo.

Nimeijaribu kwa Chozi. Nimeizima na kuiwasha mpaka Spana akaniambia mashine nayo inachoka. Kila mara iliita, kila mara Mkunga akaielekeza nyumbani. Sikuchoka kuitazama.

Jumatano, 24 Aprili

Haraka kanishangaza.

Hakuna kilichopotea, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kujua. Nilidhani ndivyo atakavyosema, yule mtu wa twende kazi. Leo katuita ofisini, akafunga mlango, akampigia mkurugenzi wa hospitali huku simu iko wazi tusikie. Akaeleza kila kitu. Kwamba tulikaribia kufuta mafaili ya wagonjwa wao. Kwamba yeye ndiye aliyeharakisha kuihamisha na kuiwasha bila kusubiri inakiliwe kwanza. Mpangilio ulikuwa wangu, na hilo hakulitaja.

Mkurugenzi alifoka kwa haki yake. Haraka akasikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, akaomba siku zaidi ili mashine zilizobaki zinakiliwe huko huko kabla hazijazimwa.

Tulipotoka nikamwambia mpangilio ulikuwa wangu.

"Najua," akasema. "Kidole kilikuwa changu." Akaondoka, lakini kwa mwendo wa kawaida.

Jumatatu, 29 Aprili

Manyunyu. Mashine ya pili ya hospitali imehamia. Haikupotea herufi.

Jumatatu, 6 Mei

Spana kabadilishwa zamu, tuko naye mchana. Anataka kujua Mkunga anachagua vipi wa kumjibu kwanza wakiita wengi kwa pamoja. Sijui. Tumekubaliana tusisome mwongozo, tuziwashe tuone.

Alhamisi, 16 Mei

Dari la chumba cha zamani cha hospitali limeanguka usiku. Chini yake hakukuwa na kitu isipokuwa ndoo.

Alhamisi, 23 Mei

Jana Mama kapasuliwa jicho la kulia. Daktari alifungua faili lake mbele yangu, akasoma vipimo vya lenzi, na mimi nikatazama pembeni nisije nikatokwa na machozi akadhani naogopa damu.

Leo asubuhi wamemfungua bandeji. Spana alikuja na gari la kakake kutuchukua. Mama alikaa kiti cha mbele, akitazama kila kibao cha duka njia nzima. Tulipofika nyumbani alisimama sebuleni, akanishika kidevu na kunigeuza kwenye mwanga.

"Una mvi," akasema. "Tangu lini una mvi na hukuniambia?"

Kisha akamgeukia Spana. "Na huyu ndiye mliyegombana?"

"Ndiye, Mama."

"Hana sura ya kufuta kitu cha mtu." Spana akaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuzunguka chumba polepole. Alitazama kuta. Alitazama pembe za dirisha, na feni ya dari, na nyuma ya mlango. Akapitisha kidole juu ya kabati la vyombo akakitazama kidole hicho kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tukiishi?" akauliza.

Mvua imekwisha, jua lilikuwa linaingia mpaka uvunguni, na hapakuwa na pa kuficha chochote. Ameagiza kiti, akaketi katikati ya sebule. Tumepiga deki, tumefuta kuta kwa sabuni mpaka saa za mchana zikatupita. Spana alipanda juu ya meza na kitambaa, akipiga mluzi wake wa skrubu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba pembe ile ya juu tuiache, haionekani.

"Na hapo juu," Mama akasema, kidole kimenyooka. "Hapo pia. Msidhani sioni."